Uzoefu wangu: kusoma uchapaji katika idara ya sanaa ya chuo kikuu

Nimemaliza shahada ya sanaa nikiwa nimebobea kwenye uchapaji, na wanaofikiria kujiunga huniuliza swali lilelile: inafaa? Inafaa. Lakini kabla hujauliza wahadhiri ni akina nani, uliza karakana inafunguliwa saa ngapi, inafungwa saa ngapi, na kama wikendi mwanafunzi anaruhusiwa kuingia. Idara yenye majina makubwa lakini karakana yake inafungwa mapema itakujaza nadharia, na chapa zako zitakuwa za kuhesabika.

Kwa asiyejua, huu si uchapaji wa vitabu na magazeti. Unachora au kuchonga picha juu ya ubao, linoleamu, bamba la chuma, jiwe au skrini (kitambaa chembamba kilichovutwa kwenye fremu, wino hupenya humo), unapaka wino, kisha unaihamishia kwenye karatasi, nakala baada ya nakala. Kila nakala inahesabika kuwa kazi halisi ya msanii. Ndiyo maana chini ya picha huandikwa kwa penseli 7/25, yaani nakala ya saba katika toleo la nakala 25, na pembeni sahihi.

Mwaka wa kwanza ni patasi. Unachonga usichokitaka, unachokiacha ndicho kinachoshika wino, na picha nzima hutoka imegeuka, kushoto kuwa kulia. Mwanzoni akili inagoma kabisa. Hapo ndipo nilipoanza kumheshimu John Muafangejo wa Namibia, aliyefariki 1987. Chapa zake za linoleamu, nyeusi na nyeupe, zimejaa maandishi, sentensi nzima nzima katikati ya watu na wanyama, na kila herufi ilibidi ichongwe kinyume. Jaribu kuchonga jina lako tu, utamwelewa.

Baadaye huja rangi nyingi kwa kipande kimoja. Unachapa rangi nyepesi kwanza, unachonga tena kipande hichohicho, unachapa rangi nyingine juu yake, hivyo hivyo mpaka kibaki kidogo tu. Pablo Picasso aliitumia sana mbinu hii mwishoni mwa miaka ya 1950. Ukishachonga, rangi ya kwanza huwezi kuichapa tena, kwa hiyo ni lazima uamue mapema toleo litakuwa la nakala ngapi, na uongeze za kuharibika. Wenzangu waliotoka kwenye usanifu wa kompyuta waliichukia. Mimi niliipenda kwa sababu hiyohiyo: inakulazimisha kuiona picha nzima kichwani kabla hujagusa patasi.

Mwaka wa pili tukaingia kwenye shaba, na hapa ndipo penye utamu. Kingo za bamba zinapigwa tupa ili zisichane karatasi wala feliti za mashine, yaani vitambaa vizito vya sufu vinavyoikandamiza karatasi, uso wake unasuguliwa mpaka ung'ae, kisha unapakwa nta. Unachora kwa sindano, ila huchimbi shaba. Unaondoa nta tu. Kuchimba ni kazi ya dawa, yaani asidi au kemikali inayokula chuma. Mstari ulioachwa muda mfupi hutoka hafifu, ulioachwa muda mrefu unakuwa na kina, unabeba wino mwingi, unatoka mweusi tii. Kwa hiyo ukitaka weusi, hukandamizi mkono kama kwa penseli, unasubiri. Unalitoa bamba, unafunika kwa vanishi mistari iliyokwisha kutosha, unalirudisha kwenye dawa, unaangalia saa. Karakana nyingi sasa hutumia kloridi ya feri kwa shaba kwa kuwa haitoi mivuke mikali kama asidi ya nitriki. Kasoro yake ni mashapo yanayoganda ndani ya mistari, na suluhisho lake ni kulilaza bamba kifudifudi au kulisimamisha wima.

Kupaka wino nako kuna ufundi wake. Unaushindilia kwenye mistari yote, halafu unafuta uso wa bamba kwa kitambaa kikavu chenye matundu, na mwisho kwa kiganja. Ukizidisha kufuta, picha inapauka, ukipunguza, inachafuka. Karatasi nzito ya pamba huloweshwa mapema, kisha maji ya juu hukaushwa, ili iwe laini kiasi cha kuingia ndani ya mistari na kuuchota wino inapopita chini ya rola ya chuma. Unashika pembe mbili, unaivua polepole. Nimesoma pia uchoraji wa rangi na uchongaji, na raha ya dakika hiyo sijaipata huko.

Akwatinti, inayokupa vivuli badala ya mistari, tuligusia tu. Ndiyo mbinu aliyoitegemea Francisco Goya wa Hispania kwenye mfululizo wake wa chapa 80 uliotoka 1799, na nilikuwa na hamu nayo kuliko zote. Lakini vumbi la ulimbo linalonyunyizwa juu ya bamba ili dawa iume kati ya punje zake hudhuru mapafu, na likitanda hewani linaweza hata kulipuka, hivyo linataka kisanduku maalumu. Kisanduku cha idara yetu kilikuwa kimefungwa karibu muda wote kikisubiri matengenezo. Tukapewa rangi ya kupuliza badala yake. Inafanya kazi, sikatai, ila punje zake si zile.

Mawe ya litografia yalikuwepo pia, yamepangwa rafuni, mazito, mazuri, na hakuna wa kuyafundisha. Mbinu hii iliyobuniwa na Alois Senefelder huko Ujerumani miaka ya 1790 inategemea mafuta na maji kutopatana: ulipochora kwa mafuta panashika wino, palipolowa maji panaukataa. Niliijibia vizuri kwenye mtihani wa historia. Kwa mikono siijui mpaka leo, na katika maelezo ya kozi iliandikwa kwamba inafundishwa.

Skrini sina mengi ya kusema. Inafundishwa vizuri, inakwenda haraka, na ndiyo inayowapatia ajira wengi wetu, maana anayejua skrini anaweza kuchapa fulana na mabango kesho yake.

Aliyenifundisha zaidi ni fundi wa karakana, ambaye kwenye orodha ya waalimu hayumo. Alikuwa akisikia mlio wa mashine tu anajua mkandamizo umezidi. Ukimpelekea swali huku meza yako ina wino, jibu lilikuwa moja: "Safisha kwanza, mwanangu, halafu uje." Kusafisha ni sehemu kubwa ya masomo haya kuliko unavyodhani. Wino wa mafuta tulikuwa tunaulegeza kwa mafuta ya kupikia, kisha sabuni, ili kupunguza vimumunyisho vikali vyenye harufu. Kama unachukia kusafisha, chagua kitu kingine.

Vikao vya kuhakiki kazi vilinichosha. Wanakuja wahadhiri wa uchoraji na wa nadharia, wanajadili picha inasema nini, na hakuna anayeinama kuangalia jinsi ilivyochapwa. Ungeweza kuleta nakala iliyofutwa vibaya ukasifiwa kwa "hisia". Somo la historia nalo lilielemea Ulaya na Japani. Bruce Onobrakpeya wa Nigeria, mtu aliyejibunia mbinu zake za kuchapa, nilimsoma mwenyewe maktaba.

Kuhusu gharama, fahamu kwamba wino, dawa na mashine kwa kawaida ni vya idara, lakini karatasi na mabamba ni vya kwako. Karatasi ya pamba haina mbadala wa bei nafuu kwa kazi ya shaba. Na mwisho wa muhula foleni ya mashine ni vurugu: wote wanataka kuchapa toleo lao wiki hiyohiyo, na anayeanza mapema ndiye anayelala usingizi.

Jambo ambalo hakuna aliyetuambia ni kwamba ukihitimu, mashine inabaki chuoni. Mchoraji anaondoka na brashi zake. Mchapaji wa shaba anaondoka na mabamba asiyoweza kuyachapa. Baadhi yetu tunachangia karakana ya pamoja, wengine wamerudi kwenye ubao na linoleamu, ambazo unaweza kuzichapa kwa kusugua mgongo wa kijiko cha mbao. Kwa hiyo miaka ile itumie kwa kile usichoweza kukifanya nyumbani. Linoleamu itakusubiri.

Ukienda kuitembelea idara, usitosheke na maonyesho ya ukumbini. Omba kuingia karakana siku ya kawaida. Pima feliti za mashine kwa kidole: zikiwa ngumu na zimejaa gundi inayotoka kwenye karatasi zilizoloweshwa, hakuna anayezitunza. Uliza kisanduku cha akwatinti kilitumika mara ya mwisho lini. Kama kuna mawe, angalia kama yana vumbi. Kisha mtafute fundi, umuulize amebakiza muda gani kabla ya kustaafu na nani anarithi kazi yake.