Eldamo: kamusi ya Kielvishi inayokuonyesha sauti ilikotoka

Wadau wa Mtwara na Lindi mnaopenda mambo ya lugha, leo naongelea Eldamo, kamusi ya mtandaoni ya lugha alizotunga Tolkien, hasa Kielvishi, yaani lugha za Waelvi, viumbe wa kwenye hadithi zake; ni yule mwandishi wa The Lord of the Rings na profesa wa Oxford aliyezaliwa Bloemfontein kule Afrika Kusini mwaka 1892 na kufariki 1973. Ni ya bure, haina matangazo, na unaweza kuidaunlodi ukaisoma kwenye laptopu bila bando. Kwa sisi wa huku, ambapo ukipanda Newala au Tandahimba mtandao unakuja na kuondoka, hilo peke yake ni jambo kubwa.

Ila sio hilo lililonifanya niandike. Kamusi nyingine itakwambia galadh maana yake mti, basi, imemaliza. Eldamo inakupa njia nzima: mwanzo neno lilikuwa galadā, ile d iliyokaa katikati ya irabu ikalegea ikawa dh (dh hiihii ya dhahabu), kisha a ya mwisho ikadondoka, ndo unapata galadh ya Sindarin, moja ya lugha mbili kuu za Waelvi. Upande wa pili Quenya, ile lugha kuu nyingine, yenyewe ikatupa g ya mwanzo, ikaibana irabu ya katikati mpaka ikapotea, ikabaki alda. Ukiyaweka galadh na alda pembeni huwezi kuamini ni watoto wa mama mmoja, lakini hatua zote zipo pale, na kila hatua ina kanuni yake, unabofya kanuni unakuta maneno mengine yaliyopita njia hiyohiyo. Hapo ndo nilipoipenda kabisa.

Na nawaambia ukweli, sisi tunaoongea Kiswahili tuna bahati kwenye hizi lugha. Kielvishi cha kale kilikuwa na maneno yanayoanza na mb, nd na ng, vitu ambavyo Mwingereza vinampa tabu mdomoni ila sisi tunasema mbuzi, ndizi, ngoma tangu utotoni bila kuwaza. Sasa angalia kilichotokea: Quenya ikabaki na ile sauti ya puani ikaacha nyingine, Sindarin ikafanya kinyume. Kwa hiyo mbar, makazi, ikawa mar huku na bar kule. Ndorē, nchi, ikawa nórë huku na dôr kule, na hiyo dôr ndo iko mwisho wa Mordor na Gondor, nchi za kwenye hadithi zake. Noldo ya Quenya na Golodh ya Sindarin ni jina la mtu wa kabila moja la Waelvi, na mzizi wake unaanza na ng. Tena Noldo kabla haijafika kwenye n ya kawaida ilikuwa inaanza na ng', ile ya ng'ombe, yaani Ng'oldo, na mtu wa Chikongola ataitamka vizuri mara ya kwanza tu.

Sehemu nyingine tamu ni ya th kugeuka s. Kwenye hadithi, Wanoldor (ndo hao kina Noldo) walipokuwa Valinor, nchi ya ng'ambo ya bahari, walianza kusema s pale ambapo zamani walisema th, Fëanor, mwana wa mfalme wao, akakataa kwa sababu jina la mama yake Míriel lilikuwa Therindë na watu wakawa wanaita Serindë, aliona ni kumvunjia heshima marehemu mama yake. Tolkien aliandika haya mwaka 1968 hivi, yakachapishwa 1996 na mwanae Christopher. Sasa nani hapa kwetu hajawahi kusikia mzee anamrekebisha mtoto aliyesema selasini badala ya thelathini, au samani badala ya thamani? Ni badiliko lilelile la sauti, na lina ubishi uleule wa nani anaongea vizuri na nani ameharibu. Tolkien alijua sauti haibadiliki yenyewe hewani, inabadilika midomoni mwa watu wenye ndugu na ugomvi wao, na kwangu hapo ndo amewapita wengi wanaotunga lugha.

Halafu kuna i. Wingi wa Sindarin unamtisha mtu anayeanza, adan mtu edain watu, aran mfalme erain wafalme, orch zimwi yrch mazimwi. Ukifungua Eldamo unaona zamani kulikuwa na i ndefu mwishoni, hiyo i ikazivuta irabu za kabla yake zifanane nayo, ikishamaliza kazi ikapotea. Kwetu i inafanya vurugu zake kwa konsonanti, penda anazaa mpenzi, pika anazaa mpishi, fuata anazaa mfuasi, na wenyewe kule juu wanasema Chimakonde sio Kimakonde. Tofauti ni kwamba i yetu bado ipo unaiona, ya Sindarin imeondoka imeacha alama tu.

Kinachotakiwa uwe makini nacho ni vipindi. Tolkien alikuwa anabadilisha mawazo maisha yake yote, lugha iliyokuja kuwa Sindarin miaka ya 1930 ilikuwa inaitwa Noldorin na ilikuwa na historia nyingine na hata kanuni nyingine, mfano l ya mwanzo ilikuwa inageuka lh. Eldamo inagawa kila kitu katika mapema, kati na mwishoni, na inaweka alama kwenye maneno yaliyotungwa na mashabiki ili usije ukachanganya na ya Tolkien mwenyewe. Kuna watu wanatunga majina ya watoto au tatuu kwa kuchota huku na huku, nawaomba sana angalieni kipindi kwanza.

Upungufu upo. Kila kitu ni Kiingereza, tena Kiingereza cha wanaisimu, na alama za matamshi ni zile za kimataifa kwa hiyo kama hujawahi kuziona utahangaika. Vifupisho vya vitabu ni vingi mno. Na kwenye simu ndogo yale majedwali ya kanuni yanabanana, hii ni kitu ya laptopu, au nenda steshenari uprinti kanuni za Sindarin peke yake, ila kabla hujalipa hakikisha þ (yaani th) na ð (yaani dh) zimetoka sawasawa, kwa sababu kompyuta nyingi zinaweka viboksi hapo na bila hizo herufi karatasi haina kazi.

Nyota 5 kwa wanafunzi wa isimu, 4 kwa msomaji wa kawaida. Ukianza, usianze na orodha ya kanuni, utachoka. Tafuta neno moja unalolipenda, mfano alqua, yule ndege bata maji mweupe, uone kw (ndo hiyo inayoandikwa qu) ilivyogeuka p kwenye Sindarin na mwishowe ikawa alph, kisha tafuta quetta na peth, yote mawili ni neno, utaona ni njia ileile.