Nimeuziwa rola kubwa, klachi ikaungua, eti tatizo ni tairi langu

Naandika bado nina hasira, kwa hiyo nikipitiliza mahali mnivumilie. Nyota moja, na hiyo moja ni kwa sababu sifuri haikubaliki.

Kwa ambao hawajawahi kuziona, hizi ni zile injini ndogo za kufunga kwenye baiskeli ambazo hazitumii mnyororo wala sproketi. Kuna chuma cha mviringo tu, rola, kinakandamizwa juu ya tairi la nyuma, injini inazungusha rola, rola inasukuma tairi, basi. Yangu ilikuja na rola ya milimita 32 na kusema kweli sikuwa na ugomvi nayo. Ilikuwa inapanda milima ya kawaida nikiisaidia kidogo kwa pedeli, tambarare inakwenda vizuri, sikuwa nimetafuta kingine chochote.

Sasa yule muuzaji ndo akanitafuta mwenyewe. Eti ana rola ya 38, "hii ni spidi tupu kaka, utasahau hiyo ya zamani." Nikamuuliza swali moja, na nililiuliza kabla sijatoa hela: kwenye mlima je? Akajibu, "kila kitu kinapanda." Hayo ndo maneno yake, kila kitu kinapanda. Kilichopanda kwangu ni moshi.

Nianze na uzuri wake ili nisionekane nina chuki. Tambarare, upepo ukiwa unatoka mgongoni, rola ya 38 ni raha bana, injini inaongea kwa sauti ya chini, haipigi kelele kama imebanwa na mlango, na baiskeli inateleza tu. Dakika hizo za kwanza ningeandika nyota tano bila kufikiria. Kisha nikageuza kurudi, upepo ukanipiga usoni, na nikaona maajabu: naenda polepole kuliko nilivyokuwa naenda na ile ya 32! Mafuta nimefungua mpaka mwisho na injini haipandi, imekaa tu katikati inaguna. Nikafika kwenye mlima, wala si mlima wa kutisha, sauti ikawa nzito, ikaja harufu ile ya klachi, kile kinachounganisha injini na rola (mwenye kuijua anaijua, haisahauliki), moshi kidogo, halafu injini inalia lakini rola haizunguki. Nikamalizia kwa kusukuma. Nilipokuja kufungua, bitana za klachi, yaani vile vipande vyake vya kusuguana na kushika, zilikuwa zimekuwa nyeusi na zinang'aa kama kioo.

Nikamwandikia kwa adabu kabisa, nikamweleza yote niliyoyaandika hapo juu. Jibu lake hili hapa, sijaongeza kitu: "Tatizo ni tairi lako, inchi 26 ni dogo, ungekuwa na 29 ungeona mwendo. Na wewe punguza kilo." Halafu akaweka kile kikatuni cha kucheka mpaka machozi.

Jamani. Kilo zangu nitazipunguza au sitazipunguza, hilo ni langu na mlo wangu. Lakini mtu anayeuza rola kwa kazi, riziki yake yote inatoka kwenye rola, anasema tairi likiwa kubwa zaidi baiskeli itakwenda kasi zaidi? Hapo ndo niliposhindwa kulala.

Maana hiki ndo kitu cha kwanza kabisa kukijua kwenye mashine ya aina hii. Rola inagusa tairi kwa nje, si kwenye ekseli. Uso wa rola ukienda mita moja, uso wa tairi unaenda mita moja, na barabara inapita mita moja. Tairi liwe la inchi 20, la 26, la 29, ni yale yale, kubwa litazunguka mara chache zaidi na dogo litazunguka mara nyingi zaidi lakini mwendo wako barabarani ni ule ule wa uso wa rola. Ukubwa wa tairi haumo kwenye hesabu! Kwa mnyororo sawa, hapo ukubwa wa gurudumu una maneno. Kwa rola haupo. Kwa hiyo ningemsikiliza ningenunua magurudumu mapya, pengine na fremu mpya ya kuyabeba, nifike pale pale nilipo.

Hesabu yenyewe mtoto anaifanya. Chukua kipenyo cha rola, zidisha mara 3.14, unapata mzingo, zidisha na mizunguko ya rola kwa dakika. Rola ya 32 mzingo wake ni karibu milimita 100, kwa mizunguko 6000 kwa dakika inakuwa kama mita 600 kwa dakika, yaani kilomita 36 kwa saa. Ya 38 kwa mizunguko ile ile inatoka kama 43. Ya 25 inatoka kama 28. Toa kidogo kwa sababu rola huwa inateleza na inazama kwenye mpira, ila picha ndo hiyo.

Sasa muuzaji anaishia hapo, anakuonyesha 43 macho yanakutoka. Hakwambii kwamba ile 43 ni kama injini ITAWEZA kufika hiyo mizunguko 6000 ikiwa na rola hiyo. Kutoka 36 kwenda 43, nguvu ya kupasua upepo peke yake inaongezeka karibu asilimia 70. Sabini! Na injini ni ile ile, haijaongezewa hata tone. Juu ya hapo rola kubwa inapunguza msukumo kwenye tairi, kutoka 32 kwenda 38 unapoteza karibu sehemu moja kati ya sita. Kwa hiyo unataka nguvu zaidi na umepewa msukumo pungufu, injini inakwama kwenye mizunguko ya chini ambako haina nguvu, na mwisho wa siku unakwenda taratibu kuliko mwanzo. Rola ndo gia yako, na unayo moja tu, huwezi kubadilisha ukiwa njiani.

Na klachi ndo inayolipa. Hii yangu ni ile inayoshika yenyewe injini ikichangamka, inashika sawasawa kwenye kama mizunguko 4000. Piga hesabu: kwa rola ya 32 hiyo ni mwendo wa kilomita 24, kwa ya 38 ni karibu 29. Maana yake chini ya 29 klachi haijashika vizuri, inasuguana tu. Niambieni nani anapanda mlima na baiskeli yenye injini ndogo kwa kilomita 29? Nilikuwa napanda kwa 15 huko, klachi inajisaga njia nzima, na mzee anacheka kwenye simu.

Wafaransa walitengeneza VeloSolex kuanzia miaka ya 1940, injini juu ya gurudumu la mbele, rola inagusa tairi, mashine za mamilioni zikauzwa, na ilikuwa inatembea mwendo wa kama 30 hivi, basi, watu wakaenda kazini na kurudi. Hakuna aliyewaambia wapunguze kilo.

Sasa hapa lazima niseme ukweli ingawa sipendi. Rola yenyewe haina kosa. Nimeipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia kipenyo, 38 ni 38 kweli, imechongwa vizuri, haina mtikisiko, mikwaruzo ya kushika mpira imekatwa sawa sawa. Na rola kubwa inagusa tairi eneo pana zaidi, haizami sana, tairi langu halikuonyesha kulika. Wakati ya 25, ambayo rafiki aliniachia niijaribu nilipokuwa natafuta pa kutokea, inapanda kila kitu kweli kweli, ukuta ingepanda, lakini injini inapiga kelele tangu unaanza safari mpaka unafika, mkono unakufa ganzi kwa mtetemo, na nyuma ya tairi kunabaki unga mweusi wa mpira. Na barabara ikiwa na maji hiyo ndogo ilikuwa inazunguka bure juu ya tairi mpaka uongeze mkandamizo. Kwa hiyo ukikaa kwenye tambarare, ni mwepesi, na injini yako ina nguvu za kutosha, 38 inaweza kukufaa sana tu. Nilikuwa nimeshapandisha mpaka nyota tatu hapa, nisiwe mwongo.

Ila nikamwandikia tena. Nikamtumia hesabu ya tairi, taratibu, hatua kwa hatua, nikijua labda hakuwahi kuelezwa. Nikamwomba kitu kimoja tu, anitafutie bitana za klachi, nalipia mwenyewe, sikuomba hata punguzo. Akajibu, "Boss mbona unajua sana, si ungetengeneza yako?" Na hapo akanifungia.

Nyota moja. Hapana, nilishaandika tatu nikazifuta, na nimezifuta kwa mkono wangu. Sitaki kusikia rola ilikuwa nzuri, rola nzuri mikononi mwa mtu anayekudanganya kuhusu tairi ni hasara tu, maana kesho atamwambia mwingine anunue gurudumu la 29 na huyo mwingine hatakuwa na kalipa wala hesabu, atanunua.

Nimerudisha ya 32, bitana za klachi nilizipata kwingine. Anayetaka ushauri wa bure: usiulize "spidi ngapi", uliza klachi inashika kwenye mizunguko mingapi, kisha piga hesabu kwa rola unayouziwa, na kama huo mwendo ni mkubwa kuliko unaopandia mlima wako, achana nayo. Na tairi lijazwe upepo wa kutosha, liwe laini bila meno, hayo ya meno rola inayatafuna. Ile 38 ipo, ina vumbi tu, mwepesi wa tambarare aniambie nimpe. Kilo zake sitaziuliza.