Miaka miwili na boti ya jeti kwenye mito ya Idaho

Nimekulia Ujiji, kwenye boti za mbao zenye mashine ya HP 40, ambako rafadha (mapanga yanayozunguka majini kuisukuma boti) ikigonga mwamba unarudi kwa kasia. Sasa naishi Boise, jimbo la Idaho, Marekani, na mito ya huku imejaa mawe. Ndiyo maana mwaka juzi nilinunua boti ya jeti iliyotumika: alumini, futi 19, injini ya Chevrolet V8 ya lita 5.7, pampu ya Hamilton 212. Rafadha ya nje haina. Maji huvutwa kupitia chekeche lililo chini ya tumbo la boti, upande wa shetri (nyuma), kisha impela (gurudumu la mapanga ndani ya pampu) huyatupa nyuma kwa nguvu. Mfumo huu uliendelezwa na Bill Hamilton wa New Zealand miaka ya 1950 kwa ajili ya mito ya kwao yenye maji haba, na mwaka 1960 boti zake zilipanda mto Colorado hadi juu kupitia korongo la Grand Canyon.

Siku ya kununua niliuliza nguvu ya injini tu. Tumbo la boti sikulitazama, na hapo ndipo yalipoanza.

Msimu mzima wa kwanza, kila nikiongeza mafuta injini ilipiga ukelele, mshale wa mizunguko ya injini ukaruka kutoka 4,200 hadi karibu 5,000 kwa dakika, lakini mwendo hauongezeki. Ni kama gari kwenye tope, tairi zinazunguka bure. Nikabadilisha plagi, nikabadilisha pampu ya mafuta, hela ikaenda. Mpaka mzee mmoja tuliyekutana gatini alipolala chali kwenye changarawe, akapitisha kiganja polepole chini ya boti, akasimama mahali pamoja. "Weka mkono hapa," akaniambia. Kibati cha kipima kina, kipana kama vidole viwili, kilikuwa kimefungwa mbele kabisa ya chekeche. Kila boti ikikimbia, kibati kinapasua maji na kutengeneza mapovu, na pampu inakunywa hewa.

Hili ndilo lililonifundisha jeti ni nini. Rafadha hulemewa na mzigo na mizunguko hushuka. Jeti haiko hivyo: mafuta yote yakiwa wazi, mizunguko hubaki karibu palepale, uwe peke yako au na watu watano. Kwa hiyo mshale ukipanda kuliko kawaida, ama kuna hewa, ama impela na pete inayoizunguka zimelika. Tuliking'oa kibati, fundi akachomelea matundu na kulainisha kwa msasa. Jioni hiyohiyo mshale ulitulia 4,200 na boti ikafika kilomita 70 kwa saa.

Umbo la chini ni V ya nyuzi 12 (jinsi kila upande unavyopanda kutoka katikati), na katikati, kuelekea chekeche, kuna ukanda bapa unaoipa pampu maji mazito yasiyo na hewa. V hii ya wastani huifanya boti ipae haraka, yaani inyanyuke na kuteleza juu ya maji. Agosti, kwenye mto Salmon, napita mahali maji hayafiki magotini. Ila lazima boti iwe imeshapaa. Ukipunguza mwendo inazama na kufyonza changarawe. Hasara yake naisikia mto Snake, ndani ya korongo la Hells Canyon: mawimbi yanapiga tumbo mpaka mgongo unauma. V ya nyuzi 18 au 20 ingeyakata vizuri zaidi, lakini ingekaa chini zaidi majini na kudai injini kubwa zaidi.

Uzito nao. Nilipoweka betri na sanduku la barafu shetri, omo (mbele ya boti) ilidundadunda muda wote. Nilivisogeza mbele kidogo, ikatulia. Nilipozidisha, omo ikaanza kuchimba maji na kuvuta upande.

Kwenye mafuta siipi alama nzuri: mwendo wa kawaida unakula karibu lita 45 kwa saa. Na jambo la kuogopa: jeti ukiiachia mafuta haina usukani. Ukishtuka mbele ya jiwe ukaachia mafuta, boti inaelea kama gogo. Fanya mazoezi mahali palipo wazi kwanza.

Ndugu zangu wa Kigoma wanaoniuliza: kwa ziwa letu lenye kina, bakini na rafadha. Kwa mito ya mawe, nunueni jeti, ila chukueni tochi mlale chini yake kabla ya kutoa hela. Yangu naikagua kila mwanzo wa msimu, na mwezi uliopita nimeagiza pete mpya ya impela.