Programu ya kumbukumbu za miaka: nimeipima kwa mwaka 786

Kwa majuma matatu nimekuwa nikitumia programu ya simu inayomwezesha msomaji kuchagua mwaka wowote wa kale akapata matukio yake, waliozaliwa na waliofariki. Ili kuipima sawasawa nilianza na mwaka ninaoupenda kuliko yote ya zama hizo, yaani 786.

Ninaupenda kwa sababu ya usiku mmoja. Tarehe 14 Septemba alifariki al-Hadi, khalifa wa dola ya Waabbasi, aliyekuwa ametawala zaidi kidogo ya mwaka mmoja. Usiku huohuo nduguye, Harun al-Rashid, akapewa kiapo cha utii. Na usiku huohuo suria wa Harun, Marajil, akamzalia mtoto wa kiume, al-Ma'mun, ambaye naye alikuja kuwa khalifa. Programu inayo yote matatu, tena kwa tarehe sahihi, lakini imeyatawanya: kutawazwa kuko juu, kuzaliwa katikati, kifo chini kabisa, na hakuna neno hata moja la kumjulisha asiyeijua habari hiyo kwamba mambo haya yalitokea pamoja. Marajil, ambaye husimuliwa kuwa alifariki muda mfupi baada ya kujifungua, hakutajwa popote, na hilo limenisikitisha sana.

Kasoro kubwa zaidi iko kwenye kalenda. Juu ya ukurasa imeandikwa kwamba 786 ni mwaka 170 Hijria, ilhali mwaka 170 ulianza mwezi Julai, na miezi yote iliyotangulia ni ya 169. Msomaji atapotea hasa afikapo kwenye vita vya Fakhkh, karibu na Makka, vilivyopiganwa siku ya Tarwiya, tarehe 8 Dhulhija 169, yaani 11 Juni 786, ambamo Husayn bin Ali, wa kizazi cha Hasan mjukuu wa Mtume, aliuawa baada ya kuasi huko Madina. Hata hivyo, maelezo ya vita hivyo ndiyo bora kuliko yote niliyoyasoma humo, kwa kuwa hayaishii kwa waliouawa bali yanamfuata Idris bin Abdallah, aliyenusurika akapitia Misri hadi Maghrib, ambako aliasisi dola ya Waidrisi. Niliyasoma mara mbili.

Kwa upande wa Uingereza, Cynewulf, mfalme wa Wessex aliyeuawa na Cyneheard, amefariki mara mbili, 784 na 786, kwa sababu tarihi ya kale ya Waingereza iko nyuma kwa miaka miwili mahali hapo na mhariri hakuisawazisha.

Matumizi yenyewe ni mepesi: maandishi yanasomeka vizuri, kutafuta hakuchukui muda, na intaneti haihitajiki. Nimewaandikia watengenezaji kuhusu ule mwaka 169, na hadi ninapoandika haya ukurasa bado haujarekebishwa.