WhatsApp kwa matangazo ya kijiji na hadithi za wazee: uzoefu wangu kutoka Newala

Kijijini kwetu tuna magrupu mawili ya WhatsApp: moja la matangazo ya serikali, jingine la hadithi za wazee. Mimi ni mmoja wa maadmini. Programu ni ileile, lakini upande mmoja imetufaa sana na upande wa pili imetuumiza. Nawaandikia ndugu wa vijiji vingine mnaotaka kuanzisha la kwenu.

Grupu la matangazo nalisifu bila kusita. Wanaoandika ni maadmini tu, hivyo tangazo halizami kwenye salamu za asubuhi. Msimu wa korosho ndipo utauona umuhimu wake: mnada ukiisha, bei ya juu na ya chini ya kila ghala inaingia, na mkulima anaipata akiwa bado shambani. Zamani bei uliisikia kwa mtu aliyeisikia kwa mtu. Hata mkutano mkuu wa kijiji, ambao unatakiwa kufanyika kila miezi mitatu, watu sasa wanakuja na maswali ya mapato na matumizi, maana ajenda wameiona mapema. Kero ni nyaraka za kuskani: herufi ndogo, na zinakula bando. Sisi tunampa mtu mmoja asome waraka kwa sauti, kwanza Kiswahili, kisha Kimakonde. Kina bibi wasiosoma wanapata habari za ruzuku ya salfa, dawa ya mikorosho, bila kumsubiri mjukuu atoke shule.

Upande wa hadithi, mzee wetu mmoja alirekodi asili ya Wamakonde: yule mtu aliyeishi peke yake porini, akachonga sanamu ya mti, akaisimamisha, kulipokucha ikawa mwanamke. Watoto wao wakafa kule bondeni, mpaka walipohamia juu ndipo mtoto akaishi. Unamsikia mzee akivuta pumzi, jogoo anawika nyuma yake, mjukuu anaitikia. Mwaka 1906 mtafiti Mjerumani Karl Weule alipita huku kwetu na fonografu, mashine ya zamani ya kurekodi sauti, akarekodi watu wetu kwenye silinda za nta, akaondoka nayo kwenda Ujerumani. Lakini sauti ya mzee wetu huyu, wa kwanza kuisikia ni wajukuu zake mwenyewe, wa hapa na walioko Dar. Kwangu hilo ni jambo kubwa.

Ila WhatsApp si ghala la kutunzia. Sauti huwezi kuitafuta kwa neno. Kubandika juu ni jumbe tatu tu, mwisho siku 30. Simu ikiibiwa na hukuweka nakala, hadithi imekwenda. Mimi nahamishia kila sauti kwenye memori kadi siku hiyohiyo, nikiandika jina la msimulizi, kijiji na tarehe.

Kilichoniuma zaidi ni video ya mapiko, ngoma yetu ya vinyago (kinyago kimoja ni lipiko). Kijana alimrekodi mchezaji akivalishwa kinyago nyuma ya nyumba, jambo ambalo kwa mila yetu wanawake na watoto hawalioni. Ikatoka kwenye grupu, na baadaye tukaikuta kwenye ukurasa wa watu tusiowajua, imegongwa nembo yao. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi, WhatsApp inakulazimisha kuutuma chati moja moja. Hiyo inapunguza kasi tu, haizuii. Wazee wakakataa kurekodiwa, na walikuwa na haki.

Walirudi baada ya kukaa nao chini na kukubaliana. Ya jando, ya unyago na ya ndani ya lipiko hayaingii kwenye simu kabisa. Mengine, kabla ya kurekodi tunamuuliza mzee: hii ni ya ukoo, ya kijiji, au ya kila mtu? Jibu lake linakuwa mwanzoni mwa sauti yenyewe, kwa kinywa chake, ili yeyote atakayeisambaza awe amelisikia.

Kwa matangazo naipa nyota tano. Kwa hadithi, mbili, na ya tatu nitaiongeza siku watakapoweka namna ya kufunga sauti isitoke nje ya grupu.