Romeo na Juliet: ukasimame Globe au utazame filamu ya 1996?

Ukumbi wa michezo wa Globe na filamu hiyo vinatumia maneno yaleyale ya tamthilia ya Shakespeare, yenye zaidi ya miaka 400. Tofauti ni namna vinavyokusaidia uyaelewe.

Globe ya London, iliyofunguliwa 1997 kwa kuiga ukumbi wa 1599, inategemea ukaribu. Watu kama 700 husimama uani, bila paa juu yao, na mwigizaji anawaona usoni. Akiwa peke yake jukwaani, hasemi na ukuta: anamgeukia mtu wa mbele na kumuuliza yeye. Hata neno usilolijua unalinasa kwa sauti, jicho na kicheko cha jirani. Mvua ikinyesha utalowa, maana miavuli hairuhusiwi, na miguu itauma. Tiketi ya kusimama, hata hivyo, ndiyo ya bei ya chini kabisa.

Filamu ya Baz Luhrmann inategemea macho. Panga ni bastola zilizoandikwa jina la silaha ya kale, kwa hiyo mtu akitaja upanga huchanganyikiwi. Utangulizi wa tamthilia unasomwa na mtangazaji wa televisheni, kama habari. Ujanja mtupu, naupenda. Ila mistari mingi imekatwa, na Yaya wa Juliet, anayechekesha sana jukwaani, amepunguzwa mno.

Kwa anayeanza, hasa kijana, ningempa filamu, yenye maandishi chini ya skrini, kwani anaweza kurudisha nyuma. Kwa tamthilia za vichekesho ningesema Globe bila kusita: kucheka peke yako sebuleni hakunogi.