Matembezi ya mbega Diani: nyota tano, ila sange bado anasubiri

Miaka kumi na mbili niko Ukunda, na zile ngazi zilizolazwa hewani juu ya barabara ya Diani nilikuwa nikidhani ni nyaya mbovu za simu. Jumamosi nilimpeleka mwanangu wa gredi ya sita kwenye matembezi ya Colobus Conservation, kituo cha kuwahifadhi mbega na kima kilichoanza 1997. Nilirudi na aibu yangu.

Kijana aliyetutembeza alitusimamisha karibu na mojawapo ya ngazi zile, kumbe ni daraja la kima na mbega kuvukia barabara. "Mama, hapa tutulie kidogo." Kima wawili wakapita mbio, kama wenye njia yao. Kisha akaja mbega, mweusi tii, mabega yamemwagika manywele meupe. Akaishika kebo kwa vidole vinne (mbega hana dole gumba, hebu mwangalieni vizuri), akaitazama matatu mpaka ikapita, ndipo akavuka taratibu. Biskuti ya mwanangu ikayeyukia mkononi.

Nilidhani madaraja ni ya kuwaepusha na magari tu. Kumbe hiyo ni nusu. Barabara imeupasua msitu: kipande upande wa baharini, kipande upande wa bara. Dume kijana asipoweza kuvuka kwenda kutafuta kundi lingine, waliobaki huzaana wao kwa wao, damu ni ile ile kizazi baada ya kizazi, na maradhi yakiingia hakuna mwenye damu tofauti ya kuyahimili. Mwanangu akauliza, mbona kwetu mabinamu huoana? Nikamwambia atazame juu, kuna kima.

Swali langu lilikuwa la sange, yule mnyama mdogo mwenye pua ya kuchezacheza kama mkonga. Kijana hakunizungusha: sange hapandi miti, maisha yake ni kwenye majani makavu, mume na mke na kieneo chao. Daraja la juu halimfai kitu. Kwake ile lami ni uwanja mtupu wenye magurudumu, na watoto wake wataoana upande ule ule waliozaliwa. Hapo ndipo nilipokaa na mawazo kuliko kwa mbega.

Nendeni asubuhi, kabla ya jua kali. Viatu vya kufunika vidole, siafu hawana utani.

Kurudi tulipanda tuktuk. Nikamwambia dereva apunguze mwendo penye madaraja. "Mama, kwani wanavuka chini?"